Kiswahili langoni, Kifaransa darasani: koleji za Kikatoliki za Mashariki ya Kongo na maisha ya wanafunzi wake

0. Utangulizi

Katika miji ya Mashariki na ya Kusini-Mashariki ya Kongo, shule kadhaa za sekondari zilizoasisiwa na misioni za Kikatoliki zilikuja kupewa majina ya Kiswahili. Mjini Bukavu ipo Koleji Alfajiri ya Mapadri Wajesuiti. Ipo pia Lycée Wima, shule ya wasichana. Mjini Lubumbashi, koleji ya Wasalesiani iliyokuwa na jina la Mtakatifu Fransisko wa Sale iliitwa Institut Imara, na wasichana wa mji huohuo wakapata Lycée Tuendelee. Mgeni asomaye majina hayo langoni angeweza kudhani kwamba ndani Kiswahili ndicho mwenye nyumba. Akivuka kizingiti na kuingia darasani, atasikia Kifaransa. Ndicho lugha ya hesabu na ya jiografia, ya mtihani wa Serikali na ya karipio la msimamizi.

Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo kati ya lango na darasa. Yanauliza mambo mawili. La kwanza ni la historia: kwa njia gani Kiswahili, ambacho misioni zenyewe zilikitumia tangu mwanzo katika sala na katika shule ya msingi, kilisimamishwa mlangoni pa shule ya sekondari? La pili linahusu maisha ya wanafunzi: waliokaa miaka sita katika mabweni hayo walifanya nini na lugha waliyoingia nayo? Jambo hili si dogo kwa wasomaji wa kurasa hizi. Wengi wa wanaofundisha na wa wanaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kongo walilelewa na shule za namna hiyo, na desturi zake bado zinakaa nao wanaposhika kalamu.

1. Misioni, Serikali na lugha

Historia ya elimu nchini Kongo haiwezi kutenganishwa na ile ya misioni. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilifunga mkataba na Vatikani. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikakubali kufungua shule. Mkataba huo ulitaja hata lugha: lugha za taifa la Ubelgiji zilipaswa kuwa sehemu muhimu ya programu. Nchi ilipokuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, mwelekeo huo haukukatika. Katika miaka ya 1920 Serikali iliandaa utaratibu wa kuzisaidia kwa fedha shule za misioni za Wabelgiji, nao ukatangazwa mwaka 1929. Kwa utaratibu huo, mtoto wa shule ya msingi alifundishwa kwanza kwa lugha ya Kiafrika. Upande wa Mashariki, mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili.

Uchaguzi huo haukuzuliwa na ofisi. Mapadri Weupe walipofika kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1879, na walipokabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, walikikuta Kiswahili kimekwisha kutangulia. Kilikuwa kimeletwa na misafara ya pwani iliyopita Ujiji na kufika Kasongo na Nyangwe. Mapadri walikichukua lugha ile ya biashara, wakaandika kwayo katekisimu, sala na nyimbo. Kwa hiyo, kwa mtoto Mkatoliki wa Moba au wa Kasongo, Kiswahili hakikuwa lugha ya soko peke yake. Kilikuwa lugha ya Baba Yetu, ya amri kumi na ya majina ya dhambi.

Shule ya sekondari ilikuwa jambo lingine. Hadi mwaka 1948, Mkongo aliyetaka masomo marefu ya aina ya humanite, yaani Kilatini na fasihi kwa miaka mingi, alikuwa na njia moja iliyo wazi: seminari ndogo. Wengine walipelekwa katika shule za miaka michache zilizowatayarisha kuwa makarani, walimu au wasaidizi wa waganga. Seminari ya Mpala, iliyohamishiwa Lusaka ya Katanga mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo iliyomlea Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alisoma katika seminari ndogo ya Wabenedikto huko Mwera. Katika kitabu cha mwaka 1991 alieleza jinsi malezi hayo yalivyomfanya kijana wa Kifaransa kabisa, mfuasi wa mapokeo ya Kigiriki, ya Kirumi na ya Kikristo. Kwa maneno yale hakuwa akilalamika wala kujisifu. Alikuwa akieleza kazi ambayo shule ile iliwekwa kuifanya, nayo ikaifanya vema.

2. Koleji zafungua mlango

Koleji zenyewe hazikujengwa kwa ajili ya Wakongo. Wasalesiani walifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwishoni mwa mwaka 1911, na mwaka 1912 wakafungua shule ya watoto wa Wazungu. Wajesuiti walifungua koleji yao ya Bukavu mwaka 1938, wakati mji huo ukiitwa Costermansville, wakaiweka chini ya Mama Yetu wa Ushindi. Wanafunzi wake walikuwa wana wa maofisa, wa wafanyabiashara na wa wakulima wa Kizungu wa Kivu. Mwafrika aliingia katika nyumba hizo akiwa mpishi, mfagiaji, mfuaji au mtunza bustani. Kiswahili nacho kiliingia pamoja naye, kwa mlango wa jikoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1948 programu mpya iliruhusu masomo ya sekondari ya jumla kwa Wakongo nje ya seminari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 koleji za Wazungu zilianza kuwapokea wanafunzi Waafrika wachache, waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1954 Auguste Buisseret akawa Waziri wa Makoloni, naye akaanzisha shule za Serikali zisizo za dini, zilizoitwa athénée. Mashindano yaliyozuka kati ya shule hizo na shule za Kanisa yaliongeza kasi ya mapokezi, kwa maana kila upande ulitaka kuonyesha kwamba unawajali Wakongo zaidi. Mwaka huohuo wa 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Leopoldville, na mwaka 1956 Chuo Kikuu Rasmi kikafunguliwa Elisabethville. Koleji zikawa daraja la kufikia vyuo hivyo.

Hapa haifai kuisahau sauti ya Wakongo wenyewe. Waliosoma wa zama zile hawakuomba shule ya sekondari kwa Kiswahili wala kwa Lingala. Katika gazeti la La Voix du Congolais, lililotolewa toka mwaka 1945 hadi 1959, dai la elimu iliyo sawa na ile ya Wazungu lilirudiwa mara nyingi. Shule ya lugha ya Kiafrika ilishukiwa kuwa shule ya bei nafuu, iliyokusudiwa kumweka Mwafrika chini daima. Kwa mzazi wa Bukavu mwaka 1955, Kifaransa cha mwanawe kilikuwa ngazi, tena ngazi iliyokuwa imefichwa muda mrefu. Atakayeandika historia ya koleji hizi kana kwamba Kifaransa kilisukumizwa kwa nguvu tu, atakuwa amesahau nusu ya habari. Wazazi walikitafuta. Wasichokiomba ni kwamba mtoto alipie Kifaransa kwa kuionea haya lugha ya nyumbani.

3. Siku ya mwanafunzi na lugha zake

Maisha ya bwenini yalipangwa kwa kengele. Kengele ya kwanza iliamsha, ya pili ilipeleka kanisani, ya tatu mezani, nyingine darasani, kiwanjani, kwenye saa ya kujisomea, na ya mwisho ilizima taa. Mtafiti akiifuata siku hiyo hatua kwa hatua, atagundua kwamba kila kengele ilibadilisha pia lugha.

Asubuhi kanisani, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikani, lugha ya misa ilikuwa Kilatini. Darasani kilitawala Kifaransa, na Kilatini kikarudi humo kama somo, na baadhi ya wanafunzi wakaongezewa Kigiriki. Katika shule zilizofuata programu ya Ubelgiji, Kiholanzi nacho kilifundishwa. Kijana wa Kishi au wa Kibembe aliweza basi kuchambua sentensi ya Kaisari na kukariri maneno ya Kiholanzi, lakini hakuonyeshwa kwamba lugha anayomsalimia mamaye ina ngeli, ina viambishi, ina kanuni zinazostahili ubao na chaki. Mara nyingi mambo hayo aliyakuta kwa mara ya kwanza chuo kikuu, tena yakielezwa kwa Kifaransa.

Kiwanjani, kanuni ilitaka Kifaransa kiendelee. Lakini mpira una haraka zake, na mchezaji anayemwita mwenzake ampe pasi hangoji kutafuta wakati wa kitenzi. Katika ukumbi wa kulia, bugali na maharage viliitwa kwa majina yake. Wapishi na wafanyakazi walizungumza Kiswahili, na mwanafunzi aliyetaka kuongezewa mchuzi alijua ni lugha gani ya kutumia. Usiku, baada ya taa kuzimwa, mabweni yalirudi katika mnong'ono wa Kiswahili. Palikuwa na vijana wa Kishi, wa Kihavu, wa Kirega, wa Kifulero, wa Kibembe, wa Kinyarwanda na wa Kikusu. Lugha iliyowaruhusu kucheka pamoja, bila kumtenga yeyote, haikuwa Kifaransa cha mchana. Ilikuwa Kiswahili, na ndani yake vilizaliwa vitendawili vipya, masimulizi ya filamu na majina ya utani ya mapadri.

Mahali pamoja Kiswahili kiliandikwa kwa ruhusa: katika barua ya kwenda nyumbani. Wazazi wengi hawakujua Kifaransa. Mwanafunzi alipaswa kuwaeleza kwa Kiswahili matokeo ya mitihani, upungufu wa sabuni, homa aliyougua, na karo ambayo haijalipwa. Katika shule nyingi za bweni barua hizo zilipita kwanza mikononi mwa msimamizi, na mwandishi alijifunza mapema kusema jambo bila kulitaja. Hilo lilikuwa zoezi la insha ambalo halikuwekwa katika programu yoyote. Pengine kurasa nyingi zaidi za Kiswahili zilizowahi kuandikwa na wanafunzi wa sekondari wa Kongo zilikuwa ni barua hizo, nazo hazikupewa maksi.

Uwanja mwingine wa nafuu ulikuwa muziki na vyama vya vijana. Huko Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda mwaka 1954 kwaya ya wavulana na walimu wa shule, iliyojulikana baadaye duniani kwa Missa Luba. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilizunguka Ubelgiji. Katika misa ile maneno yalibaki ya Kilatini, lakini sauti, mapigo na mwitikio vilikuwa vya nyumbani. Mjini Bukavu, katika miaka hiyohiyo ya 1950, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha chama cha vijana cha Xavéri, kilichoenea mbali kikiwa na nyimbo na wito wa lugha za watu. Kwa hiyo si kweli kwamba misioni ilikataa kila kilicho cha Kiafrika. Ilikikubali katika wimbo, katika ngoma na katika sala. Ilikikataa pale tu maarifa yalipopimwa.

4. Simboli: adhabu iliyotoka mbali

Waliopita katika shule za bweni wanakumbuka kitu kilichoitwa simboli. Kilikuwa kipande cha ubao, kifupa, au kidude kingine chochote. Mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha isiyoruhusiwa alikabidhiwa kitu hicho, na njia ya kukiondoa ilikuwa kumtega mwenzake aseme vilevile. Aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Ubaya wa simboli haukuwa katika adhabu yenyewe, maana kufyeka majani au kukosa mchezo ni mambo yanayovumilika. Ubaya wake ulikuwa kumfanya kila mwanafunzi mpelelezi wa jirani yake, na kuufanya urafiki, ambao ulinenwa kwa Kiswahili, uwe mtego.

Desturi hiyo haikubuniwa Kongo. Katika koleji za Ulaya za karne zilizopita, kitu cha namna hiyo, kilichoitwa signum, kilitumiwa dhidi ya wanafunzi waliosema lugha ya kwao badala ya Kilatini. Baadaye Kifaransa kilichukua nafasi ya Kilatini, nayo signum ikabaki. Huko Bretagne watoto waliosema Kibretoni walivishwa kitu kilichoitwa pia simboli. Na huko Flandria, katika koleji za Kikatoliki za karne ya 19, watoto wa Kiflandri waliadhibiwa kwa signum kwa sababu ya kusema lugha ya mama zao.

Hapa ndipo historia inapomshangaza msomaji. Mapadri wengi waliofundisha Kongo walikuwa Waflandri. Mwaka 1875, katika seminari ndogo ya Roeselare, wanafunzi walikataa kuimba nyimbo za Kifaransa walizopangiwa katika sikukuu ya mkuu wa shule, wakaimba za Kiflandri. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Albrecht Rodenbach, aliyekuja kuwa mshairi maarufu wa watu wake. Sheria ya mwaka 1883 iliingiza Kiholanzi katika shule za sekondari za Serikali za Flandria. Ile ya mwaka 1910 ikazifikia shule za Kanisa. Na Chuo Kikuu cha Gent hakikuwa cha Kiholanzi kitupu kabla ya mwaka 1930. Padri wa makamo aliyefundisha Kivu mwaka 1940 alikuwa basi mtu wa taifa lililopigania haki ya kusomeshwa kwa lugha yake. Alizijua habari hizo kwa kusimuliwa, kama hakuziona mwenyewe.

Wachache walitoa funzo kutoka historia hiyo. Padri Gustaaf Hulstaert, aliyefanya kazi katika jimbo la Equateur, alitetea kwa nguvu elimu kwa lugha ya mama, hasa Lomongo, na mwaka 1937 alianzisha pamoja na Padri Edmond Boelaert jarida la Aequatoria. Lakini hata yeye hakuzipenda lugha za mawasiliano mapana kama Lingala. Alizihesabu kuwa lugha zisizo na mizizi. Wengine wengi walibeba desturi ya shule zao bila kubeba manung'uniko yake. Mtu huweza kuipinga adhabu nyumbani kwake na kuiona ya lazima nyumbani kwa jirani.

5. Majibu ya wanafunzi

Kama lengo la simboli lilikuwa kukiua Kiswahili, basi lilishindwa. Lakini halikukiacha kama lilivyokikuta. Wanafunzi walijibu kwa namna tatu, na zote zimeacha alama katika lugha ya leo.

Jibu la kwanza lilikuwa kuchanganya. Katika mazungumzo ya wanafunzi wa Bukavu na wa Lubumbashi husikika sentensi kama: prefe amemuconvoquer baba yake, au: Jean amedoubler mwaka. Mwenye haraka atasema hapo Kiswahili kimeharibika. Mwanaisimu ataona jambo lingine. Katika amemuconvoquer, kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa vyote ni vya Kiswahili, kila kimoja mahali pake. Kifaransa kimeleta mzizi tu, nao umekubali kutawaliwa. Yafaa kuangalia pia ni mizizi gani iliyoazimwa: kuitwa ofisini, kufukuzwa, kurudia mwaka, kushindwa mtihani. Ni msamiati wa mamlaka ya shule. Vincent de Rooij, katika uchunguzi wake wa mwaka 1996 kuhusu Kiswahili cha Shaba, alionyesha kwamba hata viunganishi vya Kifaransa vya kujenga hoja, kama vile donc, vimeingia katika mazungumzo. Shule ilifundisha kwamba kutoa hoja ni kazi ya Kifaransa, na lugha ikalitunza funzo hilo.

Jibu la pili lilikuwa kuunda lugha ya siri. Mjini Bukavu vijana walikuwa na Indubil, iliyosimama juu ya sarufi ya Kiswahili na kuazima maneno kutoka Lingala, Kifaransa, Kiingereza na lugha nyinginezo. Didier Goyvaerts aliieleza katika makala ya mwaka 1988. Jina lenyewe lilitoka Kinshasa, kwa vijana wa miaka ya 1950 waliowaiga mashujaa wa filamu za Kimarekani. Lakini huko Kivu jengo lake lilikuwa Kiswahili. Lugha ambayo wakubwa hawaielewi ina faida inayoeleweka mahali popote penye msimamizi mlangoni.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote: kunyamaza. Wengi waliohitimu waliendelea kusema Kiswahili siku zote za maisha yao, ila hawakukiandika. Mfano wa Lubumbashi unaeleza. Mwaka 1965 ilitolewa habari ya historia ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha mji huo, nayo imechunguzwa na Johannes Fabian katika kitabu cha mwaka 1990. Mwandishi wake, André Yav, hakuwa mhitimu wa koleji. Aliiandika kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, wale waliopika na kufagia katika nyumba za Wazungu. Waliokuwa na Kilatini, insha na ufundi wa kupanga hoja walikuwa wakiandika kwa Kifaransa. Waliobaki nje ya lango ndio walioukumbuka mji kwa lugha ya mji. Sentensi hiyo yaweza kusomwa kama sifa kwa Yav na wenzake. Yaweza pia kusomwa kama deni la waliosoma.

6. Majina mapya

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, matumaini ya mabadiliko ya lugha yalikuwa makubwa, lakini hatua ya kwanza ilienda kinyume. Mwaka 1962 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia hata katika shule ya msingi, kwa nia ya kuwa na programu moja kwa nchi nzima. Wakati huo Kanisa lilikuwa likielekea upande mwingine: tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso uliruhusu lugha za watu katika ibada. Hivyo Kiswahili kilipanda altareni katika miaka ileile kiliposhushwa darasani.

Kisha likaja wimbi la majina. Mwaka 1966 miji ilibadilishwa majina, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka 1972 siasa ya uhalisi ikawataka raia waache majina ya ubatizo. Wimbi hilo lilizifikia na shule. Mjini Kinshasa, Koleji Albert ya Wajesuiti iliitwa Boboto, yaani amani kwa Lingala. Upande wa Mashariki zikatokea Alfajiri, Imara, Wima na Tuendelee.

Majina hayo yanastahili kutazamwa kwa jicho la isimu. Alfajiri na imara ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyofika Kongo kwa njia ya misafara. Alfajiri ni pia jina la sala ya kwanza ya Waislamu katika siku. Koleji ya Wajesuiti ilichukua, bila ugomvi wowote, neno lililotoka katika mapokeo ya pwani. Wima ni neno la Kibantu, ndugu yake simama. Tuendelee si nomino wala sifa, bali ni kitenzi katika hali ya kutia moyo, chenye nafsi ya kwanza wingi. Kati ya majina manne, ni hilo la shule ya wasichana peke yake linalosema "sisi". Walioyachagua walikuwa na sikio zuri la lugha. Walijua kwamba Kiswahili kinaweza kubeba wazo la heshima, la adili na la safari ya pamoja kwa neno moja. Lakini kazi ya neno hilo ilikwisha langoni.

Mwaka 1974 mambo mawili yalitokea. Mwezi wa Mei wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya taifa, wakapendekeza lugha za taifa zitumike katika elimu. Mwisho wa Desemba Serikali ilitangaza kuzichukua shule zote za misioni. Somo la dini liliondolewa, misalaba ikashushwa ukutani, picha ya Rais ikabaki. Kwa muda mfupi ilionekana kama shule za Kikatoliki zingevunjwa misingi yake yote. Msingi mmoja haukuguswa: Kifaransa. Serikali iliyowanyang'anya watu majina ya watakatifu kwa ajili ya uhalisi haikuona kwamba lugha ya kufundishia ya sekondari ilihitaji uhalisi huo. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulifungwa, na makanisa yakarudishiwa usimamizi wa shule. Misalaba ikarudi. Majina mapya nayo yaliendelea kutumika katika vinywa vya watu, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuwa majina ya wanafunzi wenyewe: mtu wa Bukavu husema kwamba amesoma Alfajiri, naye hufahamika mara moja.

7. Hitimisho

Koleji za Kikatoliki za Mashariki ya Kongo ziliwapa wanafunzi wake mambo mengi ya thamani: nidhamu ya kazi, Kifaransa kilichofungua milango ya dunia, vitabu, na urafiki uliovuka mipaka ya kabila. Hata katika miaka ya maafa, tangu vita vya mamluki mjini Bukavu mwaka 1967 mpaka mmiminiko wa wakimbizi mwaka 1994 na vita vya mwaka 1996, wazazi waliendelea kuwapeleka watoto wao huko, nao walijua kwa nini. Uchunguzi huu haupunguzi sifa hiyo. Unaonyesha tu kwamba zawadi ile ilikuja na funzo jingine ambalo halikuandikwa katika programu: kwamba Kiswahili ni cha kuombea, kuchezea, kuimbia na kupendana, lakini si cha kufikiria mbele ya wengine.

Funzo hilo halikuondolewa na sheria. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa, huku Kifaransa kikibaki lugha ya elimu. Mlango wa sheria uko wazi. Kinachokosekana ni kitabu cha fizikia, ni insha ya historia, ni maksi ya mwisho wa mwaka kwa Kiswahili. Na vitu hivyo haviandikwi na sheria, vinaandikwa na walimu.

Kazi moja yaweza kuanza bila kungoja Wizara. Barua za wanafunzi bado zimo katika masanduku ya wazee, nyimbo za mabweni bado zinakumbukwa, na waliopokezana simboli bado wako hai, ingawa wanapungua kila mwaka. Kuzikusanya habari hizo, kuziandika kwa Kiswahili na kuzijadili kwa Kiswahili katika semina za vyuo, ni kazi inayowafaa wanafunzi wa lisansi na walimu wao. Ndipo Alfajiri, Imara, Wima na Tuendelee zitakapopata historia iliyoandikwa kwa lugha ya majina yake.